Mpaka upi, na hadi lini?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Kwenye mdahalo wetu nimepangiwa kutetea hoja kwamba biashara ya kimataifa iwekewe mipaka. Nimesoma vitabu vya uchumi, karibu vyote vinasema biashara huria humnufaisha kila mtu. Nimegeukia historia, naona mataifa tajiri yalijifungia milango kwanza, yakaja kuhubiri soko huria baadaye. Nani kati yao ananidanganya? Na wewe mwenyewe, bila kuzunguka, unasemaje?"

Marahaba. Bila kuzunguka: ndiyo, iwekewe mipaka, na mingi ya mipaka iliyopo leo ningeifuta. Najua majibu hayo mawili yanaonekana kugombana. Itanichukua muda kuyapatanisha, kwa hiyo vuta kiti.

Nianze kwa kukutoa kwenye mtego ambao wapinzani wako watakutegea. Watakuambia mdahalo ni kati ya biashara huria na biashara yenye mipaka. Biashara isiyo na mipaka haijawahi kuwepo. Mkataba wa GATT, ambao nchi 23 zilitia saini Geneva mwaka 1947 na ambao ndio uliolizaa Shirika la Biashara Duniani (WTO) tarehe 1 Januari 1995, uliandikwa na watu waliokuwa na hamu kubwa ya kubomoa kuta za forodha. Watu haohao wakaandika Kifungu cha 20, kinachoiruhusu nchi kuzuia bidhaa ili kulinda maadili ya umma, uhai na afya ya watu, wanyama na mimea, maliasili zinazokwisha, na hazina za sanaa na historia. Kinairuhusu hata kukataa bidhaa zilizotengenezwa na wafungwa. Kifungu cha 21 kikaongeza usalama wa taifa. Kwa hiyo ukisimama jukwaani usitetee "mipaka" kwa jumla jamala. Uliza ni mpaka upi, unamlinda nani, nani anaulipia, na unakwisha lini. Hilo la mwisho ndilo watu husahau, nami nitalirudia hadi unichoke.

Kuna mipaka ninayoitetea bila kusita: ile inayosema kitu fulani si bidhaa. Binadamu aliwahi kuwa bidhaa halali, mwenye bei na hati za meli, mpaka nchi moja baada ya nyingine zilipoharamisha biashara hiyo. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1807. Waliokuwa wakifaidika walilalamika kwa maneno ambayo ungeyasikia leo kwenye kikao chochote cha wenye viwanda: bandari zitakufa, kazi zitapotea, washindani wetu watalichukua soko.

Chukua pia kasumba. Siku hizi neno hili tunalitumia zaidi kwa mawazo yaliyopandikizwa vichwani, lakini kasumba yenyewe ni afyuni, na ilipiganiwa vita. Mwaka 1839 ofisa wa China aliyeitwa Lin Zexu aliteketeza huko Humen zaidi ya tani 1,000 za kasumba iliyokuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiingereza. Mpaka wa kibiashara ambao China ilikuwa imeweka ungeeleweka hata na mtoto: sumu hii isiingie kwetu. Uingereza ilijibu kwa manowari, na Mkataba wa Nanjing wa 1842 ukailazimisha China kulipa fidia, kufungua bandari tano na kuiachia Hong Kong. Wahenga walisema biashara haigombi. Ile iligomba, tena kwa mizinga.

Halafu kuna taka. Mwaka 1988 iligundulika kwamba maelfu ya mapipa ya taka zenye sumu kutoka Italia yalikuwa yamerundikwa katika mji mdogo wa Koko, Nigeria, uani kwa mkazi mmoja aliyekuwa akilipwa dola 100 kwa mwezi. Ukiupima mkataba ule kwa kipimo cha soko peke yake, haukuwa na kasoro: muuzaji hiari, mnunuzi hiari, bei imekubaliwa. Waliodhurika hawakuwa mezani. Mwaka uliofuata ukaja Mkataba wa Basel wa kudhibiti usafirishaji wa taka hatari, na mwaka 1991 nchi za Afrika, kwa kuona wa Basel ni dhaifu, zikaandika mkataba wao wa Bamako unaopiga marufuku kabisa uingizaji wa taka hizo barani. Ukitaka kanuni ya jumla, hiyo hapo: bei inaweza kuwaridhisha wawili na ikamuumiza wa tatu, na huyo wa tatu hana mlango mwingine wa kuingilia isipokuwa sheria.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika kundi hili ni Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, iliyolenga kemikali za friji na makopo ya kupulizia zilizokuwa zikiitoboa tabaka la ozoni. Watu wengi wanaikumbuka kama mkataba wa mazingira tu. Kilichoipa meno ni vifungu vyake vya biashara: nchi zilizojiunga zilikatazwa kununua kemikali hizo kutoka nchi ambazo hazijajiunga, wala kuziuzia. Ukibaki nje, soko lako linasinyaa kila nchi mpya inapoingia. Mwishowe mataifa yote yakaingia, jambo ambalo ni nadra sana katika historia ya mikataba. Pale mpaka wa biashara ndio uliofanya kazi ambayo hotuba na nasaha zisingeifanya. Huo uandike kwenye karatasi yako ya kwanza.

Lakini usije ukadhani kila anayetamka "mazingira" au "maadili" anamaanisha hivyo. Marekani iliwahi kupiga marufuku uingizaji wa kamba wanaovuliwa kwa nyavu zisizo na mlango wa kumtoa kasa akinaswa. Nia njema kabisa, kasa wanaisha. India, Malaysia, Pakistan na Thailand zikashtaki WTO, na mwaka 1998 zikashinda. Wengi walitangaza kwamba WTO imeamua biashara ni bora kuliko kasa. Sivyo. Hukumu ilikubali kwamba kuwalinda kasa ni sababu halali. Kosa lilikuwa kuwapa wavuvi wa eneo la Karibiani miaka mitatu ya kujiandaa, huku wale wa Asia wakipewa miezi minne tu. Marekani iliporekebisha ubaguzi huo, Malaysia ilishtaki tena na mwaka 2001 ikashindwa. Somo la kesi ile ni dogo lakini la maana sana: mpaka wa haki unamtendea kila mtu sawa. Ukiona unawabana majirani wa mbali na kuwalegezea wa karibu, ujue kuna mtu ndani anayelindwa, na si kasa.

Sasa nigeukie vitabu vyako vya uchumi. Havikudanganyi, ila vinanyamaza mapema.

Mwaka 1817 mchumi Mwingereza David Ricardo alitoa mfano wa nchi mbili na bidhaa mbili. Ureno inahitaji kazi ya watu 80 kwa mwaka ili kupata kiasi fulani cha mvinyo, na ya watu 90 ili kupata kiasi fulani cha kitambaa. Uingereza, kwa mvinyo uleule, inahitaji watu 120, na kwa kitambaa kilekile watu 100. Ureno inashinda kwa vyote viwili, na mtu wa kawaida angedhani haina sababu ya kununua chochote Uingereza. Ricardo akaonyesha kwamba ikiwahamishia wafumaji wake kwenye mvinyo, basi kwa kazi ya watu 80 itapata, kwa kubadilishana, kitambaa ambacho ingekitengeneza kwa kazi ya watu 90. Uingereza nayo kwa kazi ya watu 100 inapata mvinyo ambao ungeigharimu kazi ya watu 120. Wote wamepata, hata yule aliye dhaifu kwa kila kitu.

Nimelifundisha jambo hili miaka mingi na sijaona aliyelivunja. Ila rudi usome kitenzi kimoja: "ikiwahamishia". Katika mfano, mfumaji analala akiwa mfumaji na kuamka akiwa mkulima wa zabibu. Hana deni la nyumba, hana umri wa miaka 52, hana mji uliojengwa kuzunguka kiwanda kimoja. Tena angalia mtendaji wa kila sentensi: Ureno inapata, Uingereza inapata. Nchi haivai kitambaa. Wanaovaa ni watu, na hesabu inayosema jumla imeongezeka haisemi imeongezeka mfukoni mwa nani.

Kwa miaka mingi wachumi tulijifariji kwamba waliofaidika watakuwa na ziada ya kutosha kuwafidia walioumia. Inawezekana, ndiyo. Hatukukaa kuuliza kama inafanyika. China ilipoingia WTO Desemba 2001, bidhaa zake zilifurika Marekani, na wachumi David Autor, David Dorn na Gordon Hanson wakaenda kuangalia wilaya moja moja badala ya taifa zima. Walichokikuta kilitutia aibu. Pale viwanda vya samani na nguo vilipofungwa, watu hawakuhama kama vitabu vilivyotabiri, mishahara ilishuka, na zaidi ya miaka kumi baadaye majeraha yalikuwa hayajapona. Utafiti mmoja unaohusiana na huo ulikadiria kwamba kati ya 1999 na 2011 ajira milioni 2 hadi 2.4 zilipotea kwa sababu ya ushindani huo. Faida ilikuwepo, bei za vitu zilishuka kwa kila mtu, lakini ilisambaa kama umande, na hasara ikatua kama jiwe juu ya miji michache.

Kwa hiyo ushuru ndio dawa? Hapa ndipo nitakapowaudhi wa upande wako.

Mwaka 2018 Marekani iliweka ushuru wa dharura kwenye mashine za kufulia nguo zitokazo nje, asilimia 20 kwa mashine milioni 1.2 za mwanzo na asilimia 50 kwa zitakazozidi hapo. Bei ya mashine za kufulia ikapanda, kama ulivyotarajia. Bei ya mashine za kukaushia nayo ikapanda, ingawa hazikutozwa chochote, kwa sababu watu huzinunua kwa jozi na wauzaji waliona nafasi. Viwanda vya ndani havikuteremsha bei ili kuchukua soko, bali viliipandisha vikiwa nyuma ya ukuta. Watafiti waliofuatilia walipata ajira mpya zipatazo 1,800, na gharama kwa walaji ya karibu dola bilioni 1.5 kwa mwaka. Gawanya: kama dola 815,000 kwa kila ajira moja. Ungeweza kumpa kila mfanyakazi yule mshahara mnono akae nyumbani, na bado ukabaki na chenji ya kutosha kuujenga upya mji wake.

Mtu akikuambia ushuru unalipwa na mgeni, mwombe akuonyeshe stakabadhi. Anayelipa forodhani ni mwagizaji wa nchi yako, na yeye haoni sababu ya kubeba mzigo huo peke yake. Ushuru ni kodi kwa watu wako, iliyovikwa nguo za uzalendo.

Kuna kilicho kibaya zaidi ya ushuru, nacho ni mgawo, yaani kuweka idadi badala ya kodi. Mwaka 1981 Japani "ilijitolea" (wapambe wa diplomasia wana ucheshi wao) kutouza Marekani zaidi ya magari milioni 1.68 kwa mwaka. Kwa ushuru, angalau fedha zinaingia hazina ya serikali. Kwa mgawo, gari linakuwa adimu, bei inapanda, na tofauti inakwenda kwa muuzaji wa Japani. Kisha kampuni zake zikafanya ambalo wewe nami tungelifanya: kama idadi imefungwa, uza la ghali zaidi. Ukuta uliojengwa kuvilinda viwanda vya magari vya Marekani huko Detroit ukawafundisha Wajapani kutengeneza magari ya kifahari.

Niseme kidogo kuhusu mwaka 1930, maana wapinzani wako watauleta. Marekani ilipandisha ushuru kwa maelfu ya bidhaa, wachumi zaidi ya 1,000 wakamsihi Rais Hoover asitie saini, akatia, na nchi nyingine zikalipiza. Biashara ya dunia ikaporomoka vibaya. Usikubali waseme ushuru ule ndio ulioleta mdororo mkuu, kwa sababu mdororo ulikuwa umeshaanza. Lakini uliuongezea kuni, na waliouona ndio walioandika GATT. Nao walijua wanachokimbia.

Tuje kwenye swali lako la historia, ambalo ni gumu zaidi kuliko yote. Ni kweli mataifa tajiri yalijikinga. Uingereza iliilinda ngano yake mpaka 1846, na ilipofungua milango viwanda vyake vilikuwa havina mshindani. Marekani ya karne ya 19 ilikuwa ngome ya ushuru. Alexander Hamilton, waziri wa fedha wa Marekani, alishatoa hoja ya viwanda vichanga mwaka 1791, na Mjerumani Friedrich List akaiandikia kitabu kizima mwaka 1841. Hoja yenyewe unaijua hata bila kitabu: mtoto hashindanishwi mbio na mtu mzima. Mpe miaka, atakomaa.

Tatizo ni kwamba kuna mtoto anayekomaa, na kuna anayefikisha miaka arobaini bado anabebwa mgongoni. Nini kinawatofautisha?

Weka Korea Kusini na Brazil bega kwa bega. Mwaka 1968 Korea Kusini ilianzisha kampuni ya chuma huko Pohang, ingawa Benki ya Dunia iliona mpango huo haulipi. Mwaka 1973 tanuri likawaka, na baadaye kampuni hiyo ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa chuma duniani. Magari ya nje yalizuiwa kwa miaka mingi ili ya Hyundai yapate pa kupumulia, na mwaka 1986 Hyundai ikaanza kuuza Marekani kwenyewe. Brazil nayo, mwaka 1984, ilipitisha sheria ya kuzitengea kampuni za wenyeji soko la kompyuta ndogo kwa miaka 8. Matokeo yake yalikuwa kompyuta za ghali, zilizopitwa na wakati, na magendo yaliyostawi kuliko viwanda vyenyewe. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyingi za kampuni zile hazikuwa na ubavu wa kusimama.

Utaniambia: mwalimu, si umesema mpaka uwe na tarehe ya mwisho? Brazil ilikuwa nayo. Umenishika. Tarehe peke yake haitoshi. Korea iliweka kipimo ambacho hakidanganyiki, nacho ni kuuza nje. Kampuni ilipewa mikopo nafuu na soko la nyumbani lililofungwa, lakini kwa sharti la kufikia malengo ya kuuza ugenini, ambako mnunuzi hana undugu nawe. Rais Park Chung-hee alikaa kikao cha mauzo ya nje kila mwezi. Waliofeli walikatiwa mikopo. Kampuni za kompyuta za Brazil hazikudaiwa chochote isipokuwa kuwa za Wabrazili.

Nisikuuzie hadithi tamu, hata hivyo. Korea ile ilikuwa chini ya udikteta, vyama vya wafanyakazi vilibanwa, na mlaji wa kawaida aliendesha gari la hali ya chini kwa bei ya juu miaka na miaka ili kampuni zijifunze. Yeye ndiye aliyelipa karo. Na nchi nyingi zilizoiga ukuta hazikuiga kipimo, kwa sababu ukuta unampendeza mwenye kiwanda, ambaye ana namba ya simu ya waziri, na kipimo kinamuudhi mtu huyohuyo.

Ndiyo maana nasumbuka sana na suala la lini. Mwaka 1963 Marekani iligombana na Ulaya kuhusu ushuru wa kuku. Kulipiza, Rais Lyndon Johnson aliweka ushuru wa asilimia 25 kwa wanga wa viazi, kwa brandi, na kwa magari madogo ya mizigo, kuanzia 1964. Ugomvi wa kuku umesahaulika. Ushuru wa magari ungalipo, umewazidi umri wengi wa wanaoutetea. Kampuni moja ilifikia hatua ya kuingiza magari ya mizigo yakiwa na viti vya nyuma ili yahesabiwe kuwa ya abiria, kisha ikaving'oa viti hivyo yakishatua. Nadhani hakuna maelezo bora zaidi ya kinachotokea mpaka unapokosa mtu wa kuuliza mwisho wake.

Kuhusu chakula ninagawanyika, nami sitajifanya sivyo. Mwaka 1995 Haiti, kwa shinikizo la wakopeshaji na wafadhili, iliteremsha ushuru wa mchele hadi asilimia 3. Mchele wa Marekani, unaolimwa kwa ruzuku, ukamwagika sokoni na wakulima wa Haiti wakaanguka. Mwaka 2010 Bill Clinton, ambaye alikuwa rais wakati ule, alikiri mbele ya kamati ya Seneti kwamba lilikuwa kosa. Mkulima asiye na ruzuku akishindanishwa na hazina ya taifa kubwa, hiyo si ile faida ya kubadilishana aliyoionyesha Ricardo. Ningeuacha ukuta ule usimame, angalau kwa urefu wa ruzuku iliyo upande wa pili.

Lakini mpaka wa chakula una sura nyingine, na hiyo ndiyo inayoua: marufuku ya kuuza nje. Mwishoni mwa 2007 India ilizuia mchele wake wa kawaida usitoke, Vietnam ikabana, wanunuzi wakaingiwa na hofu wakaanza kurundika. Kufikia Mei 2008 bei ya mchele duniani ilikuwa imepanda karibu mara tatu, wakati mavuno hayakuwa yameporomoka. Kila serikali ilifanya jambo la busara kwa watu wake, na busara zote zikijumlishwa zikazaa wazimu. Ilipojulikana tu kwamba Japani inaweza kuuza akiba yake, bei ikaanza kushuka. GATT inaruhusu marufuku hizi kwa muda panapokuwa na upungufu mkubwa wa chakula, na kifungu hicho ndicho ningekikaza kwanza kama ningepewa kalamu. Nchi inayouza chakula miaka ya neema haipaswi kuwageukia wateja wake maskini siku ya dhiki bila hata taarifa.

Usalama nitaupitia haraka. Silaha, ndiyo, na tangu 2014 kuna mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara yake. Dawa na barakoa, mwaka 2020 ulitufundisha kwamba kutegemea mlango mmoja ni hatari, ingawa dawa yake mara nyingi ni kuongeza milango na kuweka akiba, kuliko kujifungia. Ila "usalama wa taifa" ni gunia linalomeza chochote. Mwaka 2018 Marekani ilitoza ushuru chuma cha Kanada, nchi wanayolinda pamoja anga lao, kwa hoja ya usalama. Desemba 2022, katika kesi zilizofunguliwa na nchi nyingine zilizotozwa ushuru uleule, jopo la WTO lilisema hoja hiyo haisimami. Marekani ikajibu kwamba usalama wake hauamuliwi na jopo.

Jibu lile linanifikisha kwenye jambo ambalo midahalo mingi hulikosa: nani anaamua kama mpaka ni wa haki? Tangu Desemba 2019 chombo cha rufaa cha WTO hakina majaji wa kutosha kusikiliza kesi, kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi wao, chini ya zaidi ya rais mmoja. Anayeshindwa akikata rufaa, kesi inaning'inia hewani. Na hata chombo kilipokuwa hai, mdogo hakuwa na fimbo. Antigua na Barbuda, visiwa vyenye watu wasiofika 100,000 wakati ule, viliishtaki Marekani kwa kuzuia kamari yao ya mtandaoni. Marekani ikajitetea kwa maadili ya umma, huku ikiziachia baadhi ya kamari zake za nyumbani. Antigua ikashinda, na mwaka 2007 ikaruhusiwa kulipiza kwa thamani ya dola milioni 21 kwa mwaka. Ilipize vipi? Ikitoza ushuru bidhaa za Marekani inajiumiza yenyewe. Marekani haitahisi hata kuumwa na mbu.

Kwa hiyo wale wanaosema nchi dhaifu zinahitaji uhuru wa kuweka mipaka yao wamesema nusu. Nchi dhaifu inahitaji zaidi kwamba mipaka ya wenye nguvu iwe na hakimu. Kila mtu akiruhusiwa kujenga ukuta apendavyo, ukuta mrefu utakuwa wa mwenye matofali mengi.

Jukwaani, basi, ningekushauri uanze na Montreal, siyo na viwanda, maana hapo hakuna atakayekupinga bila kuonekana wa ajabu. Kubali Ricardo mapema, kabla hawajamleta wao, kisha waulize kuhusu kitenzi chake. Viwanda vichanga vitetee kwa Korea, na uwe wa kwanza kuitaja Brazil, kwa sababu usipoitaja wao wataitaja. Mashine za kufulia wataziibua, jiandae. Jibu ni kwamba unakubaliana nao kuhusu mpaka ule, na kwamba fedha za kuwasaidia waliopoteza kazi hutoka kwa uwazi zaidi kwenye bajeti, ambako kila mtu anaona nani analipa.

Na kama mwamuzi atakuuliza ni mpaka gani ungeufuta kesho asubuhi, usitafute mbali. Kuna ushuru unaopanda kadiri bidhaa inavyosindikwa: kakao mbichi inaingia bila kutozwa, ikisagwa inatozwa kidogo, ikiwa chokoleti inatozwa zaidi, isipokuwa muuzaji awe na mkataba maalumu. Mataifa tajiri ndiyo yaliyouweka, nao unamwambia mkulima auze mbegu na asithubutu kujenga kiwanda. Huo ningeufuta hata leo jioni.